Nani Alianguka Kwenu?

Gharama ya jambo hili nimeijumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na inatoka ileile: mkono wa kuume wa mdogo wangu Kabwe, ambao ndio uliokuwa ukishika mkasi, miaka thelathini na minane ya kutomsalimia mzee mmoja kule Kambove, na kibuyu kimoja cha munkoyo kilichomwagwa mbele ya watu kingali karibu kimejaa. Vidonge sivihesabu. Vidonge ndicho kitu pekee katika habari hii kilichokuwa rahisi.

Ninyi mliobaki kwenye kituo cha afya Ruashi, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nilidhani mnasema kwa adabu tu, kama mtu anayesema "karibu tule" huku akifunika sufuria. Lakini mmeniuliza mara ya pili, na mimi kinachorudiwa mara mbili nakiamini kidogo. Kwa hiyo naandika.

Siku yangu ya kwanza nilipewa meza, kiti na mashine ya kupimia tension, yaani presha ya damu, na vyote vitatu vilikuwa vikiyumba. Mashine yenyewe ilikuwa ile ya zamani yenye zebaki, na kitambaa chake cha kufunga mkononi kilikuwa kimeshonwa upya na mtu ambaye, naapa, alikuwa fundi wa viatu. Mkuu wa wauguzi alikuwa Papa Mumba, mwembamba kama mshumaa, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinitazama, akaitazama mashine, akasema:

"Chola, hapa kuko baongo batatu: mashine, mugonjwa, na masikio yako. Unapima mukono wa kuume, unapima wa kushoto. Kisha unapima tena. Kama bote banapatana, njo unaandika."

Nimeifuata kanuni hiyo miaka thelathini na mitano. Mgonjwa akifika akihema, anakaa kwanza kwenye benchi, haongei, hasimulii bei za sokoni. Miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza. Ninapima, ninangoja, ninapima. Wengine walinung'unika kwamba Mama Chola hata jibu la mashine analipatania bei. Ni kweli. Jibu la kwanza daima ni bei ya mgeni.

Siku hiyohiyo Papa Mumba alinionyesha fishi ya mgonjwa. Jina, umri, mtaa, uzito. Mwisho kabisa, mstari mmoja wa Kifaransa: *antécédents familiaux*, yaani magonjwa yaliyopita katika ukoo.

"Hapo unaweka RAS," akasema. *Rien à signaler.* Hakuna la kutaja.

"Na kama liko?"

"Ukiuliza, banaanza hadisi ya ukoo muzima tangu babu wa babu. Na pale inje kuko bantu makumi tatu. Weka RAS, songa mbele."

Papa Mumba alinifundisha mambo mia moja. Tisini na tisa yalikuwa ya kweli. Hili ndilo la mia.

Miaka ile walianza kuja vijana waliotaka karatasi ya afya ili waajiriwe mgodini. Hapo ndipo nilipojifunza kushuku kwa ufundi. Kuna aliyekuja na jina la kaka yake na mkono wake mwenyewe, kwa kuwa mkono wa kaka ulikuwa na tension. Nilimkamata kwa viganja: karatasi ilisema mchimbaji, viganja vilisema mwanafunzi. Wengine walikula limau siku mbili mfululizo, wakidhani inashusha tension, na kufika wamekunja uso kama mlango wa bati. Na ukiwauliza magonjwa ya kwao, basi hakuna koo zenye afya duniani kama koo za watafuta kazi. Kwao hakuna aliyewahi kuugua. Wengine, ukiwasikiliza vizuri, kwao hakuna hata aliyewahi kufa.

Kwa hiyo niliendelea na RAS yangu, mpaka alipokuja Mama Odia.

Mama Odia aliuza unga wa bukari, yaani ugali, pale soko la Ruashi. Wazazi wake walitoka Kasai, na maneno alikuwa nayo ya kutosha soko zima. Nilimpima: kumi na tisa na kumi na moja, yaani mia na tisini kwa mia na kumi, mikono yote miwili. Tukaanza kupatana.

"Makayabu unakula mara ngapi kwa posho?" Makayabu ni ule samaki wa chumvi, na posho, kwa wageni, ni wiki.

"Mara moja, mama."

Nikaandika tatu. Akachungulia fishi.

"Eh! Andika mbili, basi."

"Mbili, lakini unamulowesha usiku muzima, na maji unabadirisha mara mbili."

"Mara moja."

"Mara mbili, Mama Odia, ao naandika ine."

Tukakubaliana. Miezi miwili baadaye akaja mwanaume mwenye pua ileile: kumi na nane na kumi. Kisha mwanamke mwingine, bado hajatimiza arobaini, pua ileile: kumi na saba na kumi. Nikatafuta fishi zao. Ndugu watatu wa tumbo moja, na chini ya kila jina, kwa mwandiko wangu mzuri: RAS, RAS, RAS.

Nikamwita Mama Odia.

"Kwenu nani alikuwaka na tension?"

"Hata mumoja. Shiye tuko bantu ya afya."

"Baba yako alikufaka na nini?"

"Ah, ile haikukuwa ugonjwa. Aliangukaka mu douche, pa kuoga, asubui, kinywa kikapinda, siku tatu akaisha. Ni bibi yake ya pili alimumaliza. Kila muntu anajua."

"Na dada ya baba yako?"

"Ule aliangukaka mu kanisa, mu maombi. Pasta alisema ni Roho ilimushukia. Hakuamuka tena vizuri."

"Roho ilimushukia upande gani?"

Akafikiri. "Kushoto. Mukono na muguu."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Kwetu hapa tension haiui mtu. Mtu anauawa na mke wa pili, na jirani mwenye wivu, na mjomba aliyenyimwa sehemu yake. Ukiuliza "nani alikuwa na tension kwenu," unajibiwa ukweli mtupu: hakuna. Hakuna aliyepimwa. Nikaacha kuuliza hivyo. Nikaanza kuuliza: "Nani alianguka kwenu? Nani kinywa kilipinda? Nani alikuwa anafunga kitambaa kichwani asubuhi?" Na pale RAS ilipokuwa, majina yakajaa mpaka pembeni mwa karatasi.

Mama Odia nilimweleza kwa lugha ya soko, na tangu siku hiyo nimewaeleza wote vilevile. Kama baba au mama au ndugu wa damu alikuwa na tension, wewe unaingia sokoni na bei ya kuanzia iliyo juu kuliko ya wengine. Wakiwa wawili au watatu, na kama waliugua wakiwa bado vijana, inapanda zaidi. Lakini ni bei ya kuanzia tu. Hakuna aliyesema ulipe hiyo. Unapatana: chumvi unapunguza, pombe unapunguza, uzito, kutembea, na kidonge kama daktari amekuandikia. Na watoto wako wapimwe mapema, wasingoje mpaka waumwe kichwa, kwa sababu kitu hiki hakina kelele. Mama Odia aliwaleta watoto wake wanne, mmoja mmoja, kama mtu anayeleta magunia kwenye mizani, na alisimama nyuma yangu akihakikisha siibi.

Nilijisifu sana kwa swali lile. Wanagenzi niliwafundisha, na kwa Papa Mumba mwenyewe, aliyekwisha kustaafu, nilikwenda kulisema. Akaniuliza: "Umeuliza kwako pia?" Nilicheka. Kwetu nilikuwa nakujua.

Sasa tufike kwa Kabwe.

Kabwe ni mdogo wangu kwa miaka sita, fundi cherehani wa Naviundu. Alipopita arobaini kidogo alikuja kituoni kwa kikohozi, nikampima kwa mazoea tu: kumi na sita na kumi. Nikachukua fishi mpya. Swali langu maarufu lilikuwa mdomoni. Lakini mtu hamwulizi ndugu yake habari za nyumba waliyolala pamoja. Niliandika mwenyewe, bila hata kuinua kichwa: RAS.

"Ni kazi inakuchosha," nikamwambia. "Kwetu haiko. Meza hii kidonge mwezi moja, tutaona."

Alimeza mwezi mmoja. Akajisikia vizuri, akaacha, na mimi sikumfuata, kwa kuwa kwetu haiko.

Miaka miwili iliyopita, akiwa anakata suti ya harusi, mkasi ukaanguka. Akainama kuuokota, naye akaanguka. Hospitalini daktari kijana, wa umri wa mwanangu, akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Mama, baba yenu alikufaka na nini?"

"Alianguka," nikasema.

Nikalisikia neno lenyewe likitoka mdomoni mwangu.

Baba alikuwa mchimbaji huko Kambove. Kila asubuhi alifunga kitambaa kichwani, na mimi ndiye niliyekilowesha kwa maji baridi. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Jumapili moja alikwenda kumsalimia kaka yake, baba mkubwa Ngosa, shambani. Baba mkubwa akatoa munkoyo, hiki kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Akaonja yeye kwanza, kama inavyotakiwa: kwetu anayetoa ndiye anayeonja, ili mgeni aone. Baba akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, akasimama, akasema "kichwa", akaanguka. Hakufika jioni.

Kwenye kikao cha ukoo walisema baba mkubwa amemtilia kitu kwa sababu ya shamba. Mtu mmoja akasema: lakini alionja kwanza. Wakajibu: alionja kwa sababu alikuwa amejikinga. Mnaona hapo? Asingeonja, ni murozi, mchawi. Ameonja, ni murozi stadi. Hata mimi, niliyezaliwa nikipatana bei, sijawahi kuona mtu aliyefungiwa milango yote hivyo. Kibuyu cha Jumapili ile kilikuwa kimeletwa hapo, bado karibu kimejaa. Mtu akakichukua, akakimwaga miguuni pa baba mkubwa, akamwambia asitujue tena.

Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shule ya uuguzi.

Nilipostaafu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda Kambove na mashine yangu ndogo ya betri. Sikwenda kuomba msamaha, nisiwadanganye. Nilikwenda kwa sababu Kabwe alikuwa amekataa vidonge. Alisema aliyemwangusha ndiye aliyemwangusha baba, na kidonge cha hospitali hakifungui kilichofungwa Kambove. Nilitaka kujua ukweli wa ukoo wetu, na wazee wote niliowauliza Lubumbashi waliniambia jambo moja: kama si Ngosa, hakuna anayekumbuka.

Nilimkuta ameketi mlangoni, anakaribia tisini, anachambua maharagwe. Alinitambua kabla sijafungua kinywa.

"Chola. Umeleta nini mu ile mufuko?"

"Mashine ya tension, baba mukubwa."

"Ya kunipima, ao ya kunimaliza?"

"Ya kukupima."

"Basi jipime weye kwanza. Nione."

Ndiyo desturi: anayetoa ndiye anayeonja. Nikakaa, nikajifunga kitambaa mkononi mbele ya mzee yule na kuku wake watatu. Kumi na sita na kumi. Nikapima tena, na mkono wa pili. Ileile. Wanangu, miaka thelathini na mitano nimepima mji mzima, na mkono wangu nilikuwa naupitia juujuu tu, nikijiambia ni uchovu. Kwetu haiko.

"Ni mubaya?" akauliza.

"Si muzuri."

"Leta sasa." Akanyoosha mkono. Kumi na nne na nane. Nikapima mara ya pili, nikapima mara ya tatu, nikamshuku yeye, nikaishuku betri. Akanitazama nikihangaika, kisha akatoa kwenye mfuko wa shati kikaratasi cha vidonge.

"Kila asubui. Daktari moja ya Likasi aliniulizaka: kwenu nani alianguka? Nikamuambia bote."

"Bote nani?"

"Mama yetu, bibi yenu, aliangukaka ku mutoni na ndoo. Dada yetu vile vile, mu mulango wa nyumba. Na baba yako, mwaka moja mbele ya kufa, aliangukaka mu shamba, mukono ukalala saa mbili, ukaamuka. Akaniambia: usiseme kwa batoto."

"Juu ya nini hukusema?"

"Nilisema. Siku ya kikao. Murozi nani anamusikia?"

Habari yote ya damu yetu, yenye thamani kuliko kila karatasi niliyojaza, ilikuwa imekaa Kambove ndani ya mtu mmoja, na sisi wenyewe tulimfukuza nayo.

Mjukuu wake, mama mwenye watoto, akaleta munkoyo. Baba mkubwa akaonja kwanza. Akanipa. Nikashika kikombe. Nilikuwa najua kila kitu, nina cheti, nina mashine, na bado nilikaa nikihesabu kimoyomoyo huku nikimtazama macho yake. Kisha nikanywa.

"Ulihesabu mpaka ngapi?" akauliza.

"Makumi sita."

"Baba yako hakuhesabuka."

Nikamwambia habari za Kabwe. Alisikiliza, akachambua maharagwe yake, akasema: "Mulinifukuza mbele ya bantu. Murudi mbele ya bantu. Kabwe aje hapa, akae, akunywe. Mukubwa hawezi kufuata mudogo kumuomba musamaha wa kosa hakufanya."

Nilirudi Naviundu, nikamweleza Kabwe yote, bibi na shangazi na mkono wa baba uliolala saa mbili. Alinisikiliza akiwa amekaa nyuma ya cherehani asiyoitumia.

"Yaya," akasema, maana ndivyo aniitavyo mimi dada yake, "kama ni damu, mbona yeye haanguki? Eko karibu makumi tisa."

"Anameza kidonge."

"Ulimuona anameza?"

"Nilihesabu vilivyobaki na siku za karatasi ya daktari. Inapatana."

"Ulihesabu mara mbili?"

"Kabwe!"

"Nauliza tu." Akautazama mkono wake mapajani. "Miye niende kule? Alishakamata mukono, sasa anataka muguu? Yeye aje. Akunywe mbele yangu, hapa. Njo nitameza ile dawa."

Nimepatana na wauza samaki, na watafuta kazi, na wake wa mapasta. Hawa wawili wamenishinda. Nilipendekeza wakutane Likasi, katikati. Baba mkubwa akasema Likasi si nyumbani kwa mtu. Kabwe akasema neno lilelile siku iliyofuata, bila wao kuonana; damu ni moja kweli. Mmoja anaisha kwa uzee, mwingine anaisha kwa kungoja. Mimi nameza kidonge changu kila asubuhi, na watoto wangu wote watatu wamepimwa. Wa kwanza yuko juu kidogo, tumeanza na makayabu.

Kabwe nampima kila Jumatatu. Mkono wa kuume siupimi tena, tangu alipoanguka siuamini. Kwa hiyo napima wa kushoto mara mbili, nao hauna mwenzake wa kuusuta.

Sasa nawauliza ninyi, mnaovaa bluzi nyeupe leo. Mke wa Kabwe ameniambia kwa siri: yaya, tusage kidonge, tukitie ndani ya munkoyo wake wa Jumapili. Nimemkatalia. Lakini sikumkatalia haraka, na jana nimejikuta nimeshika kinu nikikitazama. Mimi, niliyemwaga kibuyu cha mtu asiyetia kitu, nitie kitu katika kikombe cha ndugu yangu, anayeogopa hichohicho tu maisha yake yote? Na kwetu ataniambia nionje kwanza. Nitaonja, na kwa tension yangu pengine kitanifaa. Lakini nikishaonja, akanitazama macho yangu na kuhesabu mpaka makumi sita, ataona nini?

Kama mnajua njia nyingine ya kumfikisha Kambove, au ya kumtoa mzee mlangoni kwake, nileteeni kabla ya Jumapili. Juzi Kabwe alikuwa kumi na nane na kumi na moja. Nikangoja, nikapima tena. Ilikuwa ileile.